Mlo Bila Mkalimani

"Narudia mara ya mwisho, mtu asije akaniambia hakusikia," alisema Mzee Isaiah Oyoo. Alikuwa amesimama mlangoni pa nyumba yake pale Kabiria, mkono mmoja umeshika fremu, kidole cha mwingine kimemwelekea binti yake. "Caren haongei. Kuanzia mgeni anawe mikono mpaka anawe tena. Hata 'ee' sitaki kusikia. Akifungua mdomo kumsaidia, chakula kimeisha, na mgeni arudi kwake Spring Valley."

"Na nikikohoa, Baba?"

"Kohoa vizuri. Nisisikie kikohozi chenye maana."

Clifford, kaka yake mdogo, alicheka akiwa amejilaza kwenye kochi. Shangazi Beryl hakucheka. Alikuwa amefunga kitambaa cha kichwa kile cha siku ya meza ya Bwana, na alikuwa amekaa kiti cha karibu na mlango, mahali ambapo mtu akiingia lazima apite mbele ya macho yake.

Caren alichungulia nje. Ebo alikuwa uani, katikati ya fremu za makochi ambazo Mzee Isaiah, fundi wa makochi, alikuwa hajazivalisha kitambaa. Shati lake la samawati lilikuwa limefungwa vifungo mpaka shingoni. Mkononi alikuwa na mfuko mzito: unga, sukari, majani ya chai, mafuta ya kupikia. Alikuwa ameambiwa asubiri aitwe, naye alisubiri, wima, jua la saa saba likimpiga utosini.

Macho yao yalikutana. Caren alitaka kumwambia mambo mia moja. Alimpa tabasamu, akajua hilo ndilo neno lake la mwisho mchana huo.

Zilikuwa zimebaki wiki tano. Kampuni iliyomleta Ebo Quansah kutoka Ghana kuja kufunga mitambo ya kompyuta za benki ilikuwa imemwandikia kwamba kazi imekamilika na arudi Accra mwisho wa Novemba. Mzee akikataa leo, Ebo angepanda ndege bila wazee wake kukanyaga Kabiria kuposa. Na Caren alijijua. Alimpenda yule mwanaume, lakini kuolewa huku baba yake amegeuza uso, hilo asingeliweza.

Walikutana Upper Hill, kwenye jengo refu ambalo Caren alikuwa anakaa mapokezi. Wazungu wa ghorofa ya tisa wakisema "asante" moja tu, walinzi walifurahi siku nzima. Ebo hakupewa nafasi hiyo. Sura yake ilikuwa kama ya mtu yeyote wa Nairobi, kwa hivyo walimsemesha Kiswahili, na akijibu kwa Kiingereza walikunja uso.

"Wewe ni wetu kabisa," mlinzi mmoja alimwambia asubuhi moja, "halafu unatutolea Kiingereza cha pua. Unajifanya nani?"

Ebo hakuelewa maneno, ila alielewa uso. Alibaki pale na begi lake, amefedheheka mbele ya watu. Caren akatoka nyuma ya meza akamweleza mlinzi, kisha akamweleza Ebo. Tangu siku hiyo akawa mdomo wake.

Kumbe ndicho kilichokuja kuwaharibia. Mwezi wa nne Caren alimleta nyumbani mara ya kwanza. Mzee akauliza, Caren akatafsiri. Mzee akatania, Caren akatafsiri, na utani ukafa njiani. Ebo alitikisa kichwa kwa kila kitu na kusema "ndiyo, ndiyo," hata alipoulizwa kama ana mke mwingine. Mwishowe mzee alisukuma sahani.

"Nimeuliza mwanaume swali, nimejibiwa na msichana wangu. Nimetania mwanaume, msichana wangu ndiye amecheka. Sasa mimi nimwoze binti yangu kwa nani? Kwa binti yangu?" Akainuka. "Mwambie arudi siku ataweza kula na mimi mlo mzima bila mkalimani."

Ebo alirudi Spring Valley. Kesho yake alfajiri akashuka getini kwa Nzomo, askari wa nyumba za kampuni, Mkamba wa makamo mwenye subira ya ajabu, akamwomba kitu kimoja: asimfungulie geti asubuhi mpaka aseme kwa Kiswahili anaenda wapi, kwa nani, kufanya nini. Miezi sita Nzomo hakumhurumia hata siku moja. Mara mbili Ebo alichelewa kazini. Jioni alikaa pale pale na vijana wa bodaboda, akisikiliza, akiuliza, akichekwa, akirudia.

Na sasa ndiyo ilikuwa siku yenyewe.

"Mwite," alisema Mzee Isaiah.

Mama, Nyokabi, alishika jagi na beseni. Ebo aliinama akanawa. "Asante, Mama. Maji ni ya moto vizuri."

"Karibu, mwanangu. Jisikie nyumbani," alisema Nyokabi. Caren aliona bega la mama yake likishuka kidogo. Mama alikuwa upande wao. Mama alikuwa upande wao tangu mwezi wa nne.

"Niaje buda," Clifford alimrukia kabla hajakaa vizuri. "Form ni gani leo?"

Caren alimkata jicho ndugu yake. Sheng haikuwa kwenye makubaliano! Lakini Ebo alijikunja kwenye kiti, akatoa tabasamu la upande.

"Form ni kukula," alisema, "halafu kuongea na mzee. Halafu kama mzee atakubali, form ingine."

Clifford alipiga paja lake. "Huyu amefunzwa na nani?"

"Watu wa bodaboda. Pale geti."

"Lugha ya barabarani," Shangazi Beryl alisema kwa sauti ya kutosha. "Hongera. Isaiah, utapata mkwe wa steji ya bodaboda."

Chakula kiliwekwa mezani. Kuku wa kienyeji, chapati, wali, sukuma wiki iliyokatwa nyembamba. Caren na Ebo walikuwa wamefanya mazoezi ya kila kitu: salamu, kushukuru, kuomba chumvi, kukataa kuongezwa chakula bila kumuudhi aliyepika, kueleza kazi yake na watu wa kwao. Walirudia hata jinsi ya kusema ameshiba. Mzee alifumbata mikono yake juu ya meza, akamtazama mgeni.

"Haya, kijana. Tuombee chakula."

Damu ilimwishia Caren. Walisahau! Nyumba hii, mgeni akirudi mara ya pili lazima aombwe aombee chakula, na yeye aliyezaliwa humu, kwa sababu ya kuzoea, hakukumbuka kumwambia. Alimwona Ebo akitafuta maneno kichwani asiyapate. Vidole vyake mwenyewe vilifinya sketi chini ya meza mpaka kucha zikauma.

Wote waliinamisha vichwa. Caren alifumba jicho moja.

"Mungu Baba," Ebo alianza. Jikoni bomba lilikuwa linadondosha maji. "Asante kwa siku. Asante kwa chakula na mikono ya Mama ambayo imepika." Shangazi Beryl akavuta pumzi kwa pua. "Mungu, mimi sijui maneno ya maombi. Kiswahili yangu nimesomea getini. Kwa hivyo nitaongea na wewe ya getini."

Clifford alitoa sauti ndogo. Hakuna aliyemtazama.

"Mungu, mimi ni mgeni. Jina ni Ebo Quansah. Nimetoka mbali. Nyumba ninaenda ni ya Mzee Isaiah Oyoo. Mtu nimekuja kuona anaitwa Caren. Mwenye nyumba hajasema niingie. Hajasema pia nirudi. Kwa hivyo nimesimama. Jua ikiwaka nitasimama. Mvua ikinyesha nitasimama, sina neno. Jina langu nimeandika kwa kitabu ya wageni. Saa ya kuingia nimeandika." Akashusha sauti. "Saa ya kutoka sijaandika. Amina."

"Amina," alisema Nyokabi, akajifuta macho kwa upindo wa leso, akijifanya ni mvuke wa mchuzi.

Mzee Isaiah hakusema amina. Alikaa amefumba macho kitambo baada ya wengine wote kufumbua. Kisha akachukua chapati, akaikunja, akaanza kula.

Caren alimtazama Ebo. Alitamani ainuke azunguke ile meza. Badala yake alijichotea wali ambao hakuwa na haja nao.

Mlo ukaendelea. Mzee aliuliza kuhusu kazi, Ebo akajibu. Nyokabi aliuliza kuhusu watu wa kwao, akajibu: baba alishafariki, mama anauza vitambaa soko la Cape Coast, dada wawili, mmoja ameolewa. Alikosea hapa na pale, akajirekebisha, akaendelea. Mzee alitania kwamba mtu anayelala Spring Valley hawezi kulala Kabiria kwa sababu ya kelele za jogoo.

"Mzee, jogoo ni afadhali," Ebo alijibu. "Spring Valley mbwa wa jirani anabweka kutoka saa mbili. Jogoo angalau anapumzika."

Mzee Isaiah akacheka. Akacheka kweli, na chapati mdomoni. Caren alihesabu moyoni: chapati mbili zimebaki, kuku amebaki kidogo. Tunakaribia. Mungu wangu, tunakaribia.

Ndipo baba yake alipopangusa midomo, akaegemea nyuma, na kusema kwa mfululizo, bila kupunguza mwendo, kama anavyoongea na mafundi wenzake:

"Sasa hebu niambie. Ukishamchukua huyu msichana ukampeleka huko kwenu, ikifika jioni mamako na dada zako wameketi wanapiga stori zao kwa lugha yenu, yeye amebaki hapo kama kiti, nani atamwambia hawa watu wanacheka nini?"

Ebo aliacha kutafuna. Macho yake yakamkimbilia Caren.

"Hapo sasa!" Shangazi Beryl alinyosha kidole. "Umeona anamwangalia? Isaiah, macho pia ni mkalimani!"

Uso wa Mzee ukakakamaa. Caren aliona. Alijua akibaki vile, uso wake mwenyewe ungemsaliti. Nyusi zake zingesema, midomo yake ingecheza. Akainuka. Wote wakamkodolea macho. Bila kutoa hata sauti alishika kiti chake kwa mikono miwili, akakigeuza, akakaa akiwa ametazama jikoni na kuipa meza mgongo.

Sasa mbele yake palikuwa na sufuria na pazia la maua tu. Nyuma yake kulikuwa na maisha yake.

Alisikia kijiko kikiguswa. Akajua kabisa kitakachofuata. Atasema "ndiyo, Mzee." Kama mwezi wa nne. Ndiyo, ndiyo, huku akitabasamu, na kila kitu kitaisha.

"Mzee," sauti ya Ebo ilisema, "sijaelewa."

"Basi!" Shangazi Beryl alipiga makofi mara moja. "Ameshindwa."

"Nimeshika 'msichana', na 'mamako', na 'kiti'," Ebo aliendelea. Sauti yake ilikuwa ya chini lakini haikuyumba. "Naona ni swali kubwa. Sitaki kujibu swali ambalo sijui. Naomba useme tena, pole pole."

"Isaiah, makubaliano ni makubaliano. Kijana hajaelewa, tumalize tu kwa heshima..."

"Beryl, nyamaza."

Caren aliganda. Baba yake hakuwa mtu wa kumnyamazisha dada yake. Alisikia kiti cha baba kikisogea.

"Unajua mimi nimeoa Limuru," Mzee Isaiah alisema, na sasa alikuwa anaongea taratibu, kila neno peke yake. "Miaka ishirini na saba nimekula kwa wakwe zangu. Ni watu wazuri. Wananipa kiti cha mbele, wananipa nyama ya kwanza. Halafu wanaanza kuongea Kikuyu, wanasahau niko. Wakicheka, nacheka. Wakinyamaza, nanyamaza. Siku moja nilicheka, kumbe walikuwa wanasema juu ya mtu amekufa."

"Isaiah!" Nyokabi alisema kwa mnong'ono. "Ni siku ya matanga ya Muigai? Sisi tulidhani umelewa."

"Sikuwa nimelewa. Nilikuwa mkwe."

"Kwa nini hukuniuliza mimi?"

"Ningekuuliza kila sentensi, Nyokabi? Mwanaume mzima, navuta mke wangu sweta kama mtoto kanisani? Miaka ishirini na saba, na sijawahi kufungua mdomo nikasema hilo neno amesema huyu kijana saa hii. Sijaelewa. Sema tena." Akatua. "Laiti ningelisema mara moja tu, mwaka wa kwanza."

Caren alitazama pazia la jikoni, na maua yake yakaanza kuyeyuka kwenye machozi. Alikuwa amekua akimwona baba yake akicheka kule Limuru kuliko watu wote. Siku zote alidhani anafurahi.

"Nakuuliza tena," Mzee alisema. Akauliza, pole pole, kama mtu anayempokeza mwenzake mtoto mchanga. Jioni. Mamako na dada zako. Lugha yenu. Binti yangu amekaa kama kiti. Nani atamwambia wanacheka nini?

Kijiko kikawekwa chini.

"Siku za kwanza, Mzee, hakuna mtu. Hata mimi nikimwambia, kicheko kitakuwa kimepoa. Atakaa kama kiti. Itamuuma. Mimi najua, imeniuma hapa. Nimesimama Upper Hill watu wakinicheka na sijui wanacheka nini." Alivuta pumzi. "Lakini nitaambia mama yangu: usiongee na mimi, ongea na yeye. Muulize yeye. Akikosea, mwache akosee, arudie. Mimi sitamjibia. Caren alinijibia mwaka mzima kwa sababu ananipenda, na nikabaki mtoto. Sitaki kumfanyia hivyo."

Caren alijiziba mdomo kwa ngumi.

"Na akilia jioni," Ebo akamalizia, "nitakuwa hapo. Hiyo haitaki lugha."

Sahani ya mwisho ikasogezwa kando. Kisha Mzee Isaiah akasema, "Nyokabi, lete maji."

Mlo ulikuwa umeisha. Caren alisikia mama yake akiinuka, jagi likichukuliwa. Halafu akasikia Shangazi Beryl akishtuka.

"Isaiah, unafanya nini?"

"Leta hapa hiyo jagi. Caren, geuka. Nataka uone."

Aligeuka. Baba yake alikuwa amesimama na jagi mkononi, na beseni ameliweka mbele ya Ebo, naye mwenyewe, mzee wa nyumba, alikuwa anammwagia kijana maji ya kunawa. Katika maisha yake yote Caren hakuwahi kumwona akimnawisha mtu. Ebo aliinamisha kichwa, mikono ikiwa chini ya yale maji.

"Waambie wajomba zako waje," Mzee Isaiah alisema. "Na mamako. Waje kabla hujaondoka nchini, watukute hapa. Nimekubali."

Nyokabi hakungoja. Alikwenda mpaka mlangoni, akatoa vigelegele vya kwao Limuru, virefu, vikapanda juu ya mabati mpaka jirani wa ploti ya pili akauliza kwa sauti kuna nini.

"Nimepata mkwe!" Nyokabi alimjibu, naye jirani akadakia vigelegele bila kuuliza ni nani.

Clifford alimkumbatia Ebo mpaka vifungo vya shati vikalia. Shangazi Beryl alibaki amekaa, ameshika mkoba wake mapajani.

"Mimi nilisema tu," alisema. Akatengeneza kitambaa chake cha kichwa. "Na wajomba wakija, ni nani atawapokea? Usiniambie ni hawa watu wa makochi. Nitawapokea mimi. Ebo, hao wajomba wanakula samaki?"

"Wanakula sana, Auntie."

"Basi hapo hatutakosana."

Caren alikuwa bado amesimama kando ya kiti chake, machozi yakimtiririka, mdomo umefungwa. Ebo alimkaribia. Hakumshika, baba yupo. Alisimama tu mbele yake, karibu kiasi cha kusikia pumzi, na kumtazama kwa macho ambayo yangemfanya msichana yeyote asahau jina lake.

"Mbona huongei?" alimuuliza.

Alicheka huku akilia. Alikuwa na maneno mengi mno, yote yamesongamana mlangoni, hakuna lililokubali kutangulia.

"Piga simu kwa mamako," Mzee Isaiah aliamuru. "Saa hii. Ile ya kuonana."

Ebo alipiga. Uso wa mwanamke mnene mwenye kilemba cha manjano ukajaa kwenye kioo, nyuma yake vitambaa vya kila rangi. Ebo alisema maneno machache ya Kifante, lugha ya kwao. Yule mama akapiga kelele, akaita watu sokoni, akashika kichwa, akacheka, akalia. Mzee Isaiah alinyakua simu.

"Mama Ebo!" alipaza sauti kana kwamba Cape Coast ni ng'ambo ya barabara. "Mimi ni Isaiah! Kijana wako amefika! Amefika salama!"

Yule mama alijibu kwa Kifante, naye Mzee akajibu kwa Kiswahili, na hakuna aliyeelewa hata neno, na wote wawili walikuwa wanacheka kwa wakati mmoja, kicheko cha kweli. Kisha yule mama akataja jina. Caren. Akalitaja tena, akisogeza uso karibu na kioo, akitafuta.

Mzee alimpa binti yake simu. Ebo akanyosha mkono kuichukua, tayari kutafsiri. Mzee akamshika kifundo.

"Mwache," alisema kwa upole.

Ebo akarudisha mkono, akatabasamu, akarudi nyuma hatua moja.

Caren alishika simu kwa mikono miwili. Mama wa watu alikuwa anangoja, amenyamaza, macho yamemjaa upendo. Salamu moja tu ya Kifante alikuwa nayo, ya kumwamkia mama mchana, na hakuwa na hakika hata nayo. Alijifuta uso kwa kiganja. Akavuta pumzi mpaka kifua kikajaa.

"Maaha, Maame," alisema. Akaangua kicheko, akaendelea kwa lugha yoyote iliyomjia mdomoni, bila kumtazama mtu.